Dubai: ulale Deira, Downtown au Marina? Linganisha kabla hujalipa hoteli

Karibu kila anayejiandaa kwenda Dubai kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza bei ya tiketi. Tiketi unailipa mara moja, imekwisha. Kinachokula pesa na muda kila siku ni mahali ulipochagua kulala. Mji huu hauna katikati moja ambako kila kitu kiko jirani. Umenyooka kama mkanda kando ya bahari: mwanzoni iko Deira, karibu na uwanja wa ndege na ile hori ya zamani, mkono wa bahari unaoingia mjini, na takriban kilomita 35 mbele, upande wa kusini-magharibi, iko Marina na ufukwe wake wa JBR. Burj Khalifa imesimama kati ya hizo mbili. Ukilala upande ambao shughuli zako haziko, karibu saa mbili za kila siku zitakwenda na safari ya kwenda na kurudi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Kwa anayetoka Dar, Nairobi, Kampala au Zanzibar kwa mara ya kwanza, mwenye orodha ya vitu vya kununua na bajeti ya kuhesabu, Deira au jirani yake Bur Dubai ndiko kwenyewe. Maharusi na familia iliyokwenda kupumzika tu waende Marina. Downtown, kwenye Burj Khalifa, napashauri kwa kutembelea. Kulala huko ni kwa mwenye siku mbili tu na asiyesumbuliwa na bei.

Deira: kelele, soko na bei inayoeleweka

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo hufikia Deira, na wana sababu zao. Jengo la abiria (terminal) la 1 na la 3 la uwanja wa ndege yana vituo vya metro ndani kwa ndani, na Deira iko vituo vichache tu kutoka hapo, kwa nauli ya chini kabisa. Jengo la 2, ambalo ndege nyingi za flydubai hulitumia, halina metro, kwa hiyo angalia tiketi yako imeandikwa jengo gani. Hata hivyo ukitua hapo, teksi ya kwenda Deira ni safari fupi.

Chakula ndicho kinachoonyesha tofauti haraka zaidi. Kwenye mikahawa midogo ya Deira, chai ya karak, yaani chai ya maziwa iliyochemka na iliki, ni dirham (pesa ya huko) 1 au 2. Sahani ya biriani au kuku wa kuchoma na mkate wa tandoor kwa Wapakistani mara nyingi haizidi dirham 25, na inamshibisha mtu mzima. Mtu wa pwani hatahangaika na ladha: wali, mchuzi, sambusa, kababu, vyote vipo. Wapo pia Wahabeshi na injera yao. Marina utakula vizuri, lakini bei ya mlo mmoja wa kawaida huko inalisha watu wawili au watatu Deira.

Halafu kuna ile hori. Ushuke kwenye gati la Deira, uingie kwenye abra, mashua ya mbao yenye benchi moja katikati ambapo abiria hukaa wamepeana migongo, nyuso zikitazama maji. Nahodha amesimama kwenye shimo katikati ya mashua, usukani mkononi. Mkiwa mmeshaondoka ndipo sarafu zinapopita mkono kwa mkono hadi kwake: dirham 1 kwa kichwa. Baada ya dakika chache uko ng'ambo, Bur Dubai. Kwenye magati ya Deira utaona majahazi yamefungwa, yakipakiwa mafriji, matairi na maboksi. Katika mji huu wote, hakuna kitu cha bei hiyo kinachokaribia raha ya abra wakati jua linazama, na wenye kulala Marina wengi huondoka hawajaipanda.

Sasa ubaya wa Deira. Majengo mengi ni ya zamani na vyumba ni vidogo. Hoteli kadhaa za nyota tatu zina kumbi za muziki ndani yake, na ngoma hupigwa hadi usiku wa manane. Soma maoni ya waliolala hapo kabla yako, na ukifika omba chumba cha ghorofa za juu. Mitaa ya Naif na Baniyas usiku hujaa watu, wengi wakiwa wanaume waliotoka kazini. Usalama ni mzuri, ila dada anayesafiri peke yake atajisikia huru zaidi Al Rigga, kwenye barabara pana yenye taa, hoteli ikiwa jirani na kituo cha metro. Na sokoni kuna vijana watakaokuita "rafiki" na kukunong'oneza habari za saa na mikoba ya majina makubwa. Hizo ni bidhaa bandia, na kuziona itabidi upandishwe ngazi mpaka kwenye chumba cha ndani. Sema hapana, endelea na safari yako.

Bur Dubai inakaribiana sana na Deira kwa bei, ila imetulia kidogo. Nawapendekezea huko wazazi na watu wazima. Kituo cha BurJuman kinaunganisha njia zote mbili za metro, nyekundu na kijani, na stendi ya Al Ghubaiba ndiyo yenye basi la E100 la Abu Dhabi, kwa dirham 25. Pia unaweza kwenda kwa miguu hadi mtaa wa kale wa Al Fahidi na ule wa Al Shindagha, kwenye nyumba zenye minara ya kunasa upepo. Ukiingia humo, inua macho utazame dari. Nyumba za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani yetu, Lamu na delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Mtu wa Afrika Mashariki anayefika Dubai akaona vioo na ghorofa peke yake, amekosa sehemu inayomhusu.

Downtown: pa kutembelea, si lazima pa kulala

Burj Khalifa ina mita 828 na ilifunguliwa Januari 2010. Chini yake kuna Dubai Mall na lile ziwa la chemchemi zinazocheza kwa muziki jioni, bure kwa yeyote aliyesimama pembeni. Kuona yote hayo huhitaji kulala hapo. Kutoka Deira unapanda metro njia nyekundu hadi kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall. Jua tu kwamba kutoka kituoni hadi ndani ya mall kuna njia ndefu ya juu yenye viyoyozi na sakafu zinazotembea, kama robo saa ya miguu. Ukiwa na mzee au mtoto mdogo, hesabu hilo, au chukua teksi.

Faida ya kulala Downtown ni moja: ukichoka unarudi chumbani dakika hiyo hiyo. Kwa mwenye siku mbili akiwa njiani kwenda Guangzhou au London, faida hiyo ina thamani. Kwa wengine, tofauti ya bei ya chumba ni pesa ya kutosha kulipia karibu kila kiingilio unachokitaka.

Marina na JBR: bahari mlangoni

Marina ni Dubai ya picha. Maghorofa yamezunguka maji, boti za kifahari zimejipanga, na ukivuka barabara moja uko kwenye mchanga wa JBR, ufukwe wa wazi usio na kiingilio. Kuna tramu inayozunguka mtaa na kuunganika na metro. Watoto watafurahi, na maharusi watapata picha zao. Vyumba vya kupanga vyenye jiko ni vingi, na hapo ndipo familia ya watu watano inapoweza kuokoa: nunueni chakula dukani, pikeni asubuhi na usiku, mle nje mara moja tu kwa siku.

Ila pima umbali kwa uaminifu. Metro kutoka Marina hadi Deira huchukua kama dakika 50, bila kuhesabu kutembea hadi kituoni. Teksi kutoka uwanja wa ndege huanza na dirham 25 kwenye mita kabla gari halijaondoka, na mpaka Marina hupita dirham 80 kirahisi. Ile ya Deira kwa kawaida haifiki nusu yake. Nimeona watu wanalala Marina kwa ajili ya bahari, kisha wanashinda kila siku masokoni Deira, na bahari wanaiona usiku kupitia dirishani. Ikiwa hamu ya bahari ni ya siku moja tu, baki Deira uende Al Mamzar, bustani yenye fukwe na miti upande wa mpaka wa Sharjah, kiingilio dirham 5.

Kwa Marina, Deira na kote kwingine, kumbuka kwamba bei unayoiona mtandaoni mara nyingi si ya mwisho. Juu ya chumba huongezwa asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa na VAT ya asilimia 5. Kisha kuna ada ya utalii ya kila usiku kwa kila chumba, kuanzia dirham 7 kwa hoteli ndogo hadi 20 kwa nyota tano, ambayo hulipwa mapokezi unapoingia. Hoteli nyingi pia hushikilia pesa ya dhamana kwenye kadi, au huidai taslimu. Muulize mwenye hoteli kwa maandishi: jumla yote ni ngapi, na dhamana ni kiasi gani? Mgeni aliyefika na dola zilizohesabiwa kamili huanza safari kwa mashaka hapo hapo kaunta.

Januari au Agosti

Mtu wa Tanga au Mombasa husema joto amelizoea. Hili hajalizoea. Julai na Agosti wastani wa joto la mchana ni karibu nyuzi 41, na kuna siku hupita hapo mbali. Unyevu wa bahari unalifanya lishike mwilini, na usiku halishuki chini ya 30 kirahisi. Kutembea kutoka hoteli hadi kituo cha metro mchana ni kazi. Vivutio vya wazi kama Global Village na Miracle Garden hufungwa majira hayo, na safari ya jangwani inakuwa ya kuvumilia tu. Januari, kwa upande mwingine, mchana ni nyuzi 24 hivi na usiku hushuka hadi 14. Utahitaji sweta, hasa jangwani, na bahari itakuwa baridi kidogo.

Kwa nini basi watu waende Agosti? Bei. Hoteli zilezile za Marina zinazokushinda Desemba hushuka sana kiangazi, na maduka hufanya punguzo kubwa la msimu. Kwa mfanyabiashara anayeingia dukani, teksi, hoteli, joto si hoja: karibu kila mahali pana kiyoyozi, hata vituo vingi vya basi. Aende Agosti aokoe pesa. Anayekwenda kutembea na watoto asijaribu.

Tatizo la Desemba ni kwamba likizo ya shule zetu inaangukia kwenye wiki za bei ya juu kabisa, hasa kuelekea mwaka mpya. Ukiweza, kwenda Novemba au nusu ya pili ya Januari ni chaguo bora kuliko lolote: hewa ni nzuri, na vyumba vimepungua bei.

Ramadhani inahitaji uamuzi wa peke yake. Siku hizi migahawa mingi hufunguliwa mchana, lakini saa za kazi zinabadilika na mchana mji hupoa. Kwa Mwislamu ni wakati wa kupendeza mno, futari na tarawehe katika mji uliotulia hivyo. Kwa asiyefunga, aje akijua kwamba hatakula wala kuvuta sigara barabarani mbele ya watu waliofunga.

Metro, teksi au gari la kukodi

Kwa anayelala Deira au Bur Dubai, metro inatosha kwa safari nyingi. Nunua kadi ya nol, ya kulipia nauli, ile ya rangi ya fedha, kwa dirham 25, ndani yake kuna dirham 19 za kutumia. Safari moja ni kati ya dirham 3 na 7.50 kulingana na umbali. Treni hazina dereva, na kuna behewa la wanawake na watoto lililowekewa alama sakafuni. Mwanaume akisimama humo anatozwa faini. Kula, kunywa na hata kutafuna bigijii ni faini ya dirham 100. Mizigo inaruhusiwa, sanduku moja kubwa na moja dogo kwa kila abiria, kwa hiyo mwenye mabegi manne aache kujidanganya. Na Jumapili treni huanza saa 2 asubuhi, si saa 11 alfajiri kama siku nyingine. Mwenye ndege ya asubuhi mapema siku hiyo apange teksi.

Teksi ni rangi ya krimu, zenye paa za rangi mbalimbali. Zenye paa la waridi zinaendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake na familia, msaada mkubwa kwa mama aliyetua usiku na watoto. Mita haina majadiliano, na ada ya malango ya barabarani, Salik, inaongezwa juu yake. Mkiwa watatu au wanne kwa safari fupi, teksi inaikaribia metro kwa bei.

Gari la kukodi silishauri kwa mara ya kwanza. Wanaendesha upande wa kulia, tofauti na kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, barabara zina njia sita au saba, na kamera za mwendokasi hazimsamehi mtu. Ukikosa mchepuko mmoja unaweza kuzunguka kilomita kadhaa ndipo urudi. Hata mwenda kwa miguu awe makini: kuvuka barabara pasipo na kivuko ni faini ya dirham 400.

Dhahabu na mizigo: soko, mall au Dragon Mart

Hapa ndipo Deira inaposhinda kabisa, na ndipo pesa nyingi za wageni wetu zinapokwenda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bei ya gramu ya dhahabu Dubai hutangazwa kila siku, kwa karati 24, 22, 21 na 18, na ni ileile karibu kila duka, liwe Soko la Dhahabu au ndani ya mall ya kifahari. Usipoteze nguvu kubembeleza bei ya gramu. Kinachopungua ni ufundi, yaani gharama ya kutengeneza pambo, na hiyo kila duka lina yake. Muuzaji ataweka bangili kwenye mzani wa dijitali. Isomee namba wewe mwenyewe mpaka gramu za nukta. Angalia muhuri ndani ya bangili: 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18. Kisha muulize ufundi ni kiasi gani kwa gramu, na unyamaze umsikilize.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gramu ni dirham 500 na bangili ina gramu 10. Hiyo ni 5,000. Ufundi wa dirham 30 kwa gramu unaleta 5,300, na VAT inafikisha 5,565. Ukibembeleza ufundi ushuke hadi 15, unalipa 5,407.50. Zaidi ya dirham 150 zimebaki mfukoni kwa maneno machache tu. Bangili nyororo zina ufundi mdogo. Zenye nakshi na mawe zina ufundi mkubwa, na ule ufundi haurudi siku ukiuza. Anayenunua kama akiba achukue nyororo. Anayenunua kwa ajili ya harusi ya mwanawe achague nakshi kwa moyo mkunjufu, akijua analipia mkono wa fundi.

VAT yenyewe mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa, kwa risiti ya kuanzia dirham 250 kutoka duka lililosajiliwa. Toa pasipoti wakati wa kulipa, si baadaye. Uwanja wa ndege, nenda kwenye mashine au dawati la kurudishiwa kodi kabla ya kukabidhi mabegi, bidhaa zikiwa mkononi. Utapewa asilimia 85 ya kodi, ukitoa dirham 4.80 kwa kila risiti. Maduka mengi madogo ya Naif hayamo kwenye mpango huo, kwa hiyo bei ya chini ya Naif ilinganishe na bei ya mall baada ya kodi kurudi, na baada ya kupatana.

Mall bei ni moja, ila utapata risiti safi na waranti. Simu na kompyuta nazinunua huko. Nguo za jumla, manukato, vipodozi, vyombo: Deira. Anayejenga nyumba na anataka taa, vigae, masinki na samani, aende Dragon Mart, kule International City, maduka ya Wachina yaliyopangana kwa zaidi ya kilomita moja. Metro haifiki hapo. Tenga siku nzima.

Mizigo ikizidi kilo za ndege, Deira kuna ofisi za kago zinazohudumiwa na Watanzania, Wakenya na Waganda, na mtaelewana kwa Kiswahili. Usikubali jibu la "bei kwa kilo" peke yake. Uliza kama bei hiyo ni mpaka mkononi Dar au Mombasa, ushuru ukiwa umo, na muda ni siku ngapi kwa ndege na wiki ngapi kwa meli. Andika idadi ya maboksi, piga picha kila boksi likiwa wazi, na ubaki na risiti yenye jina la kampuni na namba ya leseni.

Pesa beba dola. Dirham imefungwa kwa dola, 3.67 kwa moja, tangu 1997, hivyo kibanda cha kubadilisha fedha hakiwezi kukudanganya ukiijua namba hiyo. Ukibeba shilingi utaumia.

Juu ya mnara au ndani ya fremu, na jangwa

Kupanda Burj Khalifa saa ya machweo ni ghali kuliko asubuhi, na tiketi za saa hiyo huisha mapema mtandaoni. Kwa asiye na hamu ya kusema amefika huko, Dubai Frame, jengo lenye umbo la fremu ya picha, inanivutia zaidi: mita 150, dirham 50 kwa mtu mzima, na ukiwa juu unaona Deira na mji wa kale upande mmoja, majumba ya Sheikh Zayed Road upande wa pili, pamoja na Burj Khalifa yenyewe, ambayo ukiwa ndani yake huwezi kuiona.

Jangwani watu wengi hupelekwa Lahbab kwenye mchanga mwekundu: magari yanapanda na kushuka matuta kwa kasi, kisha chakula cha jioni na ngoma. Ni furaha kwa vijana. Mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo na mtoto mchanga wasipande matuta. Waombe wapelekwe kambini moja kwa moja, kampuni nyingi hukubali. Wanaopenda utulivu walipe zaidi waende ndani ya hifadhi ya jangwa ya Dubai, kwa mwendo wa pole, ambako choroa weupe na swala wanalisha mbali na injini. Mimi nawapeleka wageni wangu huko.

Ya kumaliza kabla hujapanda ndege

Viza ndiyo ya kwanza. Raia wa nchi zetu huihitaji kabla ya kusafiri, na huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Masharti hubadilika, hivyo ipate kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa. Kuzidisha siku ni faini ya dirham 50 kila siku. Na kwa mdogo wetu aliyeahidiwa kazi, kisha akaambiwa aje kwanza kwa viza ya matembezi: viza hiyo si kibali cha kazi. Asiuze kiwanja cha mama kwa ahadi hiyo.

Mirungi, au miraa, ni dawa ya kulevya kwa sheria za huko, hata kifurushi cha kutafuna njiani tu. Dawa za hospitali zenye kodeini, tramadol au diazepam zinahitaji idhini ya mamlaka za huko, ambayo huombwa mtandaoni kabla ya safari, pamoja na cheti cha daktari. Usikubali kumbebea mtu mzigo ambao hukuupakia wewe, hata awe jirani. Usipige picha watu usiowajua, hasa wanawake na familia. Mavazi ya kuogelea yabaki ufukweni. Plagi ni zile zetu za pini tatu. Anayetoka Bujumbura au Lubumbashi abebe kiunganishi.

Mwisho ni simu. Ujumbe wa WhatsApp na sauti za kurekodi zinapita bila shida, lakini kupiga simu kwa WhatsApp kwa kawaida hakufanyi kazi ukiwa Dubai. Programu iliyoruhusiwa na inayotumiwa na wengi ni BOTIM, na lazima iwe kwenye simu zote mbili. Ipakue mapema, uwawekee na wazazi nyumbani, mpigiane kwa majaribio ukiwa bado uko sebuleni.